Kiti cha Tano Kando ya Kabati

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa stoo ya kanisa, daftari la mahudhurio, na kengele ndogo ya shaba ambayo mpini wake umefungwa kwa waya. Kengele yenyewe niliipiga mara chache sana. Watu wakishalifurahia Neno hawasikii kengele, na wasipolifurahia kengele haiwasaidii. Nyinyi vijana mnaochukua kazi hii ya kufundisha Biblia majumbani mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache, na hakuna aliyemjua Mungu zaidi kwa sababu ya vyeo hivyo. Nitaandika juu ya viti.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuo cha Biblia kule mkoa wa Magharibi na madaftari matatu yaliyojaa maandishi. Ungeniamsha usingizini ningekutajia wafalme wa Israeli kwa mfuatano. Kanisa letu lilikuwa kando ya Jogoo Road, mashariki mwa jiji, na washarika walitapakaa kutoka Maringo na Makadara hadi Donholm: watu wa viwandani, vibarua, wachuuzi. Aliyenipokea kazini ni Mzee Zefania, mwinjilisti aliyekaribia kustaafu, mrefu, mwenye koti moja na kalamu tatu mfukoni, ambazo kwa kawaida mbili hazikuandika.

Jumapili yangu ya kwanza alinipeleka mtaa wa Jericho, nyumbani kwa Mama Brian, mjane aliyeuza mboga na aliyetupatia sebule yake kila Jumapili saa tisa alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha sura nzima. Mzee Zefania akaniambia nipange viti. Vingine tuliviazima kwa jirani wa ukuta mmoja, Mama Zuhra, mama Mwislamu aliyetupatia mabenchi yake bila kinyongo, ila aliuliza kila mara, "Leo mtasoma kirefu ama kifupi? Maana nina wageni."

Nilipomaliza kupanga, Mzee akasema, "Sasa kaa."

"Nikae wapi, Mzee?"

"Kila kimoja."

Nikakaa kila kimoja, mtu mzima na miaka yangu, huku Mama Brian akinitazama kutoka jikoni akijizuia kucheka. "Mwalimu mpya anajaribu viti," akasema. "Ama anataka kununua?"

"Huwezi kumfundisha mtu kama hujui anaona nini akiwa ameketi," Mzee Zefania akanieleza. Basi nikaona. Benchi moja lilitazama jikoni, na aliyeketi hapo angesikiliza sufuria kuliko mwalimu. Kiti cha dirishani kilipigwa na jua machoni. Cha tano ukihesabu kutoka kwa mwalimu kilikuwa stuli iliyosukumwa kando ya kabati la vyombo; aliyeketi pale aliwaona wote, lakini kabati lilimficha yeye nusu. Nikaandika daftarini: "Stuli ya kabati, haina mwanga." Nilijiona mwanafunzi hodari sana. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba sikuandika lililo muhimu.

Kabla ya kufika huko, niwaambie raha ya Jumapili zile, maana mnaweza kudhani kazi hii ni ya huzuni na subira peke yake. Nilikuwa nikitoka nyumbani saa nane na nusu nikitembea haraka kama mtu aliyeitwa kupokea mgeni. Watu waliosimama kwenye mashine wiki nzima walifungua kitabu na kubishana juu ya Yakobo na Esau kana kwamba ni majirani wa plot moja. Siku moja wanawake wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya zamu ya bomba la maji walijikuta wanasoma habari za Isaka na wale wachungaji waliogombania visima. Mmoja akafunga Biblia akasema, "Hii nayo imeandikwa na nani aliyetuona?" Wakaondoka pamoja. Sikufundisha lolote siku hiyo. Nilikunywa chai tu.

Njia yetu ya kusoma mnaijua, kwa sababu bado inatumika mahali pengi. Sura na mstari wa kuanzia vilitangazwa wiki moja mapema ili watu wajiandae. Ikifika siku, aliye mkono wa kulia wa mwalimu anasoma mstari wa kwanza, anayefuata wa pili, mpaka tumalize duara. Kila mtu mstari wake. Niliipenda desturi hiyo kwa sababu ilimpa kila mmoja sauti, na sikuwahi kujiuliza inamnyima nani.

Msomaji niliyemsifu kuliko wote alikuwa Baba Nekesa. Alikuwa fundi wa ngozi katika soko la Kariokor, akishona viatu na mikoba, na alikuja na mkewe aliyefanya kazi ya kufunga bidhaa kiwandani. Alifika mapema kuliko wote na daima aliketi kwenye ile stuli ya kabati. Zamu yake ikifika, aliinua Biblia kidogo, akautoa mstari wake kwa sauti tulivu bila kukwama hata mahali pamoja, akimpa kila neno nafasi yake. Wengine walikuwa wakijikwaa kwenye majina ya miji. Nilisema mbele ya watu, tena si mara moja, "Jamani, mnamsikia Baba Nekesa? Someni namna hiyo."

Yeye ndiye aliyetushonea majalada ya ngozi ya Biblia zetu zote pale kwa Mama Brian, yenye kifungo na jina la mwenyewe limegongwa juu kwa herufi za chuma. Mimi nilimwandikia jina langu kwenye kipande cha karatasi, MWALIMU DAMARI, na chini yake, kwa kuwa nilikuwa na semina wiki hiyo, nikaandika HARAKA. Jalada likarudi zuri sana, na juu yake limegongwa MWALIMU DAMARI HARAKA. Ushirika mzima ulicheka. Mama Brian alisema fundi amenijua. Nilimtazama Baba Nekesa, naye alikuwa anacheka pamoja nasi, kwa kuchelewa kidogo. Nikaamini ni mzaha wake. Ninalo jalada hilo mpaka leo, na limenisomea hukumu yangu mara nyingi.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe. Tulikuwa tumefika Marko sura ya kumi, mwisho wake, pale kipofu Bartimayo anapoketi kando ya njia Yesu akitoka Yeriko. Watu wa Jericho yetu, ambayo ndiyo Yeriko kwa Kiingereza, waliisubiri sura hiyo wiki nzima. Mama Brian alinipokea mlangoni akisema, "Leo ni leo, Mwalimu. Kumbe alipita hapa kwetu, na sisi tuko sokoni." Tungeanza mstari wa arobaini na sita. Hesabuni wenyewe: kiti cha tano ni mstari wa hamsini.

Tulipokuwa tumekwisha keti na kuomba, akabisha hodi mzee wa kanisa kutoka Donholm, mgeni ambaye hatukumtarajia. Mnajua heshima zetu. Kila mtu akasimama. Mgeni akapewa kiti cha sofa kilicho mkono wangu wa kulia, kitambaa chake kikanyooshwa, na watu wote wakasogea kiti kimoja. Yule wa nne akahamia stuli ya kabati, na Baba Nekesa akahamia benchi la sita. Alisema, "Mimi niko sawa hapa hapa," lakini mkewe alikuwa jikoni na hakuna aliyemsikiliza. Nilimhimiza mimi mwenyewe. "Sogea tu, ndugu, Neno ni lilelile."

Tukasoma. Mgeni akasoma wa arobaini na sita, ukaenda hivyo, mpaka Mama Brian, aliyekuwa sasa kwenye stuli, akasoma wa hamsini, pale kipofu anapolitupa vazi lake na kuinuka. Ikafika kwa Baba Nekesa. Akainua Biblia, na kwa sauti ile ile tulivu akausoma mstari wa hamsini tena, neno kwa neno.

Mtu mmoja akacheka, bila ubaya. Mama Brian akasema, "Baba Nekesa, huyo kipofu atatupa nguo mara ngapi?" Hapo wote wakacheka.

"Wa hamsini na moja, ndugu," nikasema.

Akatazama ukurasa.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nimeliandika ili msilirudie. Kicheko kingeisha chenyewe. Ningeweza kumpa mwingine zamu. Lakini kulikuwa na mgeni, na nilitaka aone jinsi watu wangu wanavyosoma. Nikainuka, nikamwendea, nikanyoosha kidole niuonyeshe mstari. "Upo hapa mbele yako. Soma tu."

Kidole changu kilitua kwenye Zaburi.

Baba Nekesa alifunga Biblia polepole, akafunga na kifungo cha jalada. "Macho yangu leo si mazuri," akasema. Akatoka. Tukaendelea na wa hamsini na moja bila yeye, na hata mstari wenyewe unauliza nini sikusikia.

Jumatatu asubuhi Mama Nekesa alinikuta kanisani kabla ya kuingia zamu yake. Hakuketi.

"Mwalimu, Baba Nekesa hajui kusoma," akasema. "Hakuenda shule hata siku moja. Ile sura ukitangaza, mimi humsomea mstari wa tano nikipika ugali, wiki nzima, mpaka anaushika. Ndiyo maana anawahi kiti."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unamsifu." Akanitazama kwa upole, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifokea. "Mwalimu, amesema harudi. Si kwako tu. Ameniambia Biblia ni ya watu wa shule, na yeye ataomba kimyakimya huko huko Kariokor. Mimi namjua. Akifunga mlango hufunga na komeo."

Nilimwendea Mzee Zefania, aliyekuwa amestaafu na kukaa kwa mwanawe Makadara. Nilimweleza yote. Nilitaka anikemee nipate nafuu. Yeye akauliza tu, "Siku ile ya kwanza, ulipokaa kwenye stuli ya kabati, uliandika nini?"

"Kwamba haina mwanga."

"Basi ulijua nusu. Hukujiuliza ni mtu gani atakayeitaka." Akachomoa kalamu, akaijaribu kiganjani, ikakataa, akairudisha mfukoni. "Nenda kwake. Usibebe karatasi yoyote."

Nikaenda Kariokor siku ya Jumatano. Baba Nekesa alikuwa ameketi akikata soli za viatu vya akala kwenye tairi la gari, kisu kikizunguka bila yeye kuchora mstari. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, akaendelea kukata. Nilikuwa nimebeba msaada wangu kichwani, kwa kuwa karatasi nilikatazwa: kulikuwa na darasa la watu wazima jioni, mwalimu nilimjua, daftari ningenunua mimi. Niliusema wote kwa pumzi moja.

"Mwalimu," akasema, "umekuja haraka tena."

Nikafunga mdomo. Kisha nikakumbuka mstari wa hamsini na moja, ule ambao hakuusoma. Yesu anasimama mbele ya kipofu, na kila mtu pale barabarani anajua shida yake, na bado anamwuliza anataka afanyiwe nini. Nilikuwa nimeufundisha mstari huo mara nyingi, na nilikuwa sijawahi kuutumia.

"Basi nisamehe," nikasema. "Niambie wewe. Unataka nini?"

Alikata soli nzima kabla ya kujibu. "Nataka kukaa pale bila kuhesabu viti." Akaweka kisu chini. "Unajua kazi ya kuhesabu? Mtu akija, nahesabu. Akitoka, nahesabu. Wengine wakisoma mimi siwasikii, nimeshika wangu nisiuangushe. Miaka miwili, Mwalimu. Kila sura nina mstari mmoja. Wa tano. Nina hiyo mistari ya tano mingi sana na sijui hata mmoja umetoka wapi. Wiki ile nzima nilikuwa na mtu anatupa nguo. Ni nani? Anaitupa kwa nini? Sijui. Na nyinyi mlikuwa mnafurahi, nawaona. Nilitaka hiyo furaha."

Jumapili iliyofuata nilifika kwa Mama Brian na kuwaambia wote wafunge Biblia.

"Tufunge?" akauliza Mama Brian. "Sasa tumezibebea nini, mazoezi?"

"Nitasoma mimi, polepole, mara mbili. Halafu tutasimuliana. Hakuna zamu. Na sura ni ile ile ya wiki jana, kwa sababu mimi sikuisikia."

Baba Nekesa alikuja. Komeo au si komeo, alikuja, nadhani kwa ajili ya mkewe. Alisimama mlangoni, akaona Biblia zote zimefungwa mapajani, majalada aliyoyashona mwenyewe yakimtazama, akaketi kwenye benchi la karibu bila kuangalia ni la ngapi.

Nilisoma mara moja. Niliposoma mara ya pili na kufika pale kipofu anapotupa vazi, nilimwona ameinuka nusu kutoka kwenye benchi.

"Ni yeye," akasema. "Huyo wa nguo ndiye kipofu."

"Ndiye," nikasema.

"Ngoja, Mwalimu, usiendelee. Aliitupa kabla hajaponywa?"

Nikatazama ukurasa ingawa niliujua. "Kabla."

"Basi sikilizeni." Akageukia watu, mtu aliyekaa nyuma ya kabati miaka miwili. "Kipofu hatupi kitu. Kitu chake anakiweka mahali akijue kwa mkono. Akikitupa kwenye watu wengi namna hiyo, hatakipata tena. Na hiyo nguo ndiyo alikuwa analalia, ndiyo alikuwa anatandika watu wamtupie chochote. Sasa ameitupa na bado haoni. Si ni kama amesema harudi tena pale alipokuwa ameketi?"

Nilikuwa nimeifundisha sura ile Maringo, nimeifundisha Makadara, nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu yake chuoni, na vazi lile nilikuwa nimelipita kila mara kama mtu anayepita nguo imeanikwa. Mama Brian akasema polepole, "Wacha. Wacha kabisa." Kisha wote wakaongea kwa pamoja. Mmoja akauliza yeye angetupa nini. Mwingine akajibu kwamba swali hilo lisiulizwe mbele ya mumewe. Tulikaa mpaka Mama Zuhra akasukuma mlango akiwa amejishika kiuno.

"Nimewaazima mabenchi ama nimewauzia?"

"Mama Zuhra, tumepata jambo," Mama Brian akamwambia.

"Ninyi mmepata jambo, na wageni wangu wameketi kitandani."

Kutoka siku hiyo tuliendelea na Biblia zilizofungwa, na nikaipeleka njia hiyo katika nyumba nyingine. Kwa faida yenu mnaoanza: someni mara mbili, mara ya pili polepole zaidi. Msiulize "mmejifunza nini", ulizeni "mmesikia nini". Ukimya ukija, uacheni ukae; msiujaze. Nanyi ingieni mkiwa tayari kufundishwa, kwa sababu mimi nilimkaribia Mungu zaidi kwa masikio ya Baba Nekesa kuliko kwa madaftari yangu matatu, na ninamshukuru Mungu kwa vyote viwili, ila si kwa kipimo kimoja.

Juu ya darasa la jioni sikusema tena. Ila miezi ilivyopita niliona jambo kila nilipopita Kariokor. Vipande vya ngozi visivyofaa kitu, vya ukubwa wa kiganja, vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari nyuma ya kibanda, na kila kimoja kilikuwa na neno moja limegongwa kwa zile herufi zake za chuma. NJIA. MKATE. SAUTI. Mengine yalikuwa yameharibika na kugongwa upya pembeni. Mama Nekesa aliniambia siku moja, huku akiangalia pembeni, kwamba siku hizi anapopika hasomi yeye. Sikuuliza anayesoma ni nani.

Karibu mwaka ukapita. Jumapili moja tulikuwa tumefika Luka sura ya kumi na tano. Niliwahi, nikafikiri nitakuwa wa kwanza, nikamkuta Baba Nekesa ameketi tayari. Stuli ya kabati ilikuwa tupu. Alikuwa kwenye kiti cha sofa, mkono wangu wa kulia, kitambaa amekikunja vizuri akakiweka kando.

Watu walipojaa na tulipoomba, akasema, "Mwalimu, leo tusome kwa zamu kama zamani. Tuanze na mimi."

Mkewe alikuwa mlangoni mwa jiko ameshika birika. Hakulitua.

Baba Nekesa akafungua Biblia. Nilitazama, ilikuwa Luka. Nikageuza yangu juu chini mapajani, ili lile neno HARAKA lililogongwa kwenye jalada lisimwangalie. Kisha nikaikalia mikono yangu yote miwili, kwa sababu nilijua vidole vyangu.

Hakusoma kwa ile sauti tulivu ya zamani. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kidole chake mwenyewe chini ya kila neno, akirudi, akijaribu tena, jasho kwenye paji la uso. Mstari unasema watu waliodharauliwa walikuwa wakimkaribia Yesu ili wamsikie. Ni mfupi. Chai ilifanya utando vikombeni kabla hajaumaliza, na hakuna aliyegusa kikombe.

Alipofika mwisho alipumua, akamgeukia Mama Brian aliyeketi wa pili.

"Haya, mama, endelea," akasema. "Unaofuata ni ule wa wanaonung'unika. Unakufaa."